Kabla mchezo haujaingia sebuleni, pima sebule na watu wake

Mzazi mwenzangu, leo naomba tuzungumze michezo ya watoto ndani ya nyumba zetu hizi ndogo. Nitaanza na kilichotokea kwangu, hapa Hirbadaw.

Mwezi wa sita, baridi la Hanang likiwa limetubana, shemeji yangu anayefanya kazi Arusha alinitumia picha kwenye simu. "Shem, kuna hoteli inauza vitu vyake vya zamani. Mashine hii ya mchezo bei imeshuka sana. Niwaletee watoto?"

Nikaikuza picha. Lilikuwa kasha refu lenye miguu minne, kioo juu, na ubao wa taa umesimama upande mmoja kama kichwa cha kitanda. Wenyewe wanaiita pinboli. Ndani ya kasha kuna uwanja ulioinama. Mchezaji anavuta fimbo ya springi, gololi ya chuma inaruka hadi juu, halafu inashuka ikigonga vikwazo na kuwasha taa. Chini kuna mabawa mawili madogo. Ukibonyeza kitufe cha pembeni, bawa linaruka na kuirudisha gololi juu kabla haijatumbukia. Ikitumbukia, umeipoteza.

Kwa kawaida ningecheka na kumwambia shemeji atutumie mchele. Lakini baba watoto alipoona picha ile alinyamaza, kisha akasema, "Tusiikatae haraka." Nilijua kwa nini.

Chenji ya unga

Kijana wetu wa pili yuko darasa la sita. Ni mtoto mpole, hana makuu. Mwezi wa tano tulimtuma mashine ya kusaga, akarudi na unga bila chenji. Akasema imedondoka njiani. Mara ya pili, mfuko umetoboka. Mara ya tatu baba yake hakusema kitu, akamfuata kwa mbali.

Alimkuta nyuma ya duka moja, amesimama juu ya kreti la soda ili afikie. Mbele yake lilikuwa dubwi. Wewe unayesoma ukiwa Katesh, Mbulu au Dar es Salaam unalijua: lile kasha la taa linalomeza sarafu ya mia mbili, linazungusha rangi, linalia, na mara chache linatema sarafu ili usiondoke. Watoto wengine wanne walikuwa wamemzunguka wakisubiri zamu.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ile iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Aliyeweka lile kasha anajua hilo. Watoto nao wanajua, ndiyo maana wanapita nyuma ya duka.

Nyumbani palikuwa na moto siku ile. Sitaeleza yote. Ila usiku, hasira zilipotulia, nilikaa naye jikoni nikamwambia asikanyage tena pale. Akaitikia. Halafu akaniuliza, bila ubishi, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa mama, jioni nifanye nini?"

Nikakosa jibu. Mpira wanacheza mpaka giza. Baada ya giza, msimu wa baridi, wanaingia ndani saa moja. Simu ni mbili na watoto ni wanne. Vitabu vya shule vikishafungwa, kinachobaki ni kugombana. Nilikuwa nimemfungia mlango mmoja bila kumfungulia mwingine.

Ndiyo maana picha ya shemeji haikutuchekesha.

Khanga sakafuni

Kabla ya kumjibu shemeji nilimwomba anipimie ile mashine. Upana sentimita 70 hivi, urefu kama 140, na kile kichwa cha taa kinafika karibu 190 kutoka chini. Uzito ni zaidi ya kilo 100.

Sebule yangu ni futi kumi kwa kumi na mbili. Ndani yake kuna makochi mawili, meza, kabati la vyombo, na kiti cha mama mkwe kilicho karibu na mlango wa jikoni kwa sababu ya joto. Mwezi wa saba mahindi yakishapukuchuliwa, magunia nayo yanaingia humo humo, maana ghala letu linavuja.

Nikachukua khanga, nikaikunja mpaka ikawa upana wa 70 na urefu wa 140, nikaitandika sakafuni pale ambapo mashine ingekaa. Nikawaambia watu wote: kwa siku mbili hapo hapakanyagwi, fanyeni kama pana kitu.

Nakushauri ufanye hivyo kabla ya kununua chochote kikubwa, iwe kochi, friji, au meza ya pool ndogo kama zile zinazouzwa siku hizi. Futi ya fundi inakupa namba. Khanga sakafuni inakuonyesha maisha yenyewe.

Saa ya kwanza tu nilikumbuka kwamba mchezaji naye ni mtu: anasimama mbele ya mashine, anahitaji hatua moja ya nyuma. Ongeza sentimita 80. Sasa urefu umepita mita mbili. Wanaomtazama wanasimama wapi? Pembeni. Ongeza tena. Jioni, binti yangu mkubwa akitoka jikoni na sufuria ya ugali alilazimika kupita kwa ubavu. Kesho yake kitindamimba alikosa pa kulala mchana.

Mama mkwe alitazama khanga ile siku nzima. Hatimaye akauliza, "Mgeni gani huyu asiyekula wala kusalimia, mnampa nafasi ya watu watatu?"

Tukacheka, lakini hesabu ilikuwa imekwisha.

Yalikuwapo na mengine. Mashine nyingi za aina ile zilitengenezwa Marekani, ambako umeme wa ukutani ni volti 120. Wa kwetu ni 230. Ukichomeka bila kubadilisha mpangilio wa ndani au bila transfoma ya kushusha umeme, unaiunguza siku ya kwanza. Inataka umeme wa wati mamia kadhaa, na sola ya taa tatu na chaji ya simu haiwezi. Ndani yake kuna mamia ya nyaya, swichi, balbu na sumaku, na fundi wa redio wa kwetu hajawahi kuziona. Kubeba kilo mia kwenye njia ya vumbi kutoka Katesh ni kazi nyingine, ingawa miguu inafunguka na kichwa kinalazwa.

Anayeishi kwenye nyumba yenye chumba cha ziada, umeme wa uhakika na fundi wa karibu, anaweza kuifikiria. Mimi nilimwambia shemeji asante, hapana.

Dubwi na pinboli, nani ndugu ya nani?

Kilichonifanya niendelee kusoma habari za mashine ile ni swali la baba watoto. Aliuliza, "Kwani hiyo si dubwi pia? Nayo si inameza sarafu?"

Swali zuri. Na kumbe wengine waliliuliza kabla yake.

Pinboli ilitokana na mchezo wa mezani wa Ufaransa wa karne ya 18 ulioitwa bagatelle: ubao ulioinama, misumari, vishimo, na tufe. Mwaka 1871, Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Marekani, alipewa hataza kwa kuuboresha mchezo huo kwa fimbo ya springi. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago alitoa kasha dogo la kuweka juu ya kaunta ya duka, akaliita Baffle Ball, akaliuza kwa dola 17 na nusu. Ilikuwa miaka ya ukata mkubwa, na watu wasio na kazi walikuwa na senti moja ya kujiliwaza.

Sasa sikiliza hapa. Makasha yale ya mwanzo hayakuwa na mabawa. Ukishaiachia gololi, kazi yako imekwisha. Inagonga misumari inavyotaka, inaangukia inapotaka. Wewe unatazama tu na kuomba. Wenye maduka wakaanza kutoa zawadi kwa anayepata alama nyingi, wengine wakatoa fedha, na watoto wakaanza kumalizia hapo hela ya chakula cha shule.

Mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alizipiga marufuku. Polisi walizikusanya kwa maelfu, zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Hoja yake ilikuwa ile ile ya mzazi wa Hirbadaw: zinakula hela za watoto.

Mabawa yalikuja mwaka 1947, kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kuanzia hapo mchezaji akapata mkono. Aliweza kuizuia gololi, kuilenga, kuirudisha juu. Lakini marufuku ya New York ilibaki mpaka mwaka 1976. Mwaka huo mwandishi kijana, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya kamati ya baraza la jiji. Mashine ikawekwa pale pale. Akawaambia gololi yake itapita njia ya katikati. Akavuta fimbo, ikapita pale alipotaja. Marufuku ikaondolewa. Yeye mwenyewe amesema baadaye kwamba lile pigo lilikuwa na bahati ndani yake, lakini wajumbe walishaona kwamba mkono wa mtu una kazi katika mchezo ule.

Nilimsomea baba watoto habari hiyo. Akafikiri, akasema, "Basi tofauti ni kwamba kwenye dubwi mtoto hafanyi kitu."

Hiyo ndiyo tofauti, mzazi mwenzangu. Mtoto anaweza kukaa mbele ya dubwi miaka kumi na asijue chochote zaidi ya siku ya kwanza. Mchezo wa kumpa ni ule ambao mkono wake au akili yake vina la kusema, na kesho atakuwa bora kuliko jana.

Ubao wa misumari

Tukaenda kwa fundi seremala. Sikuwa na mchoro, nilikuwa na picha kwenye simu. Fundi alikuna kidevu, akasema, "Hii ni trei yenye misumari." Akaitengeneza kwa siku mbili. Vipimo vyake nakupa, vyako rekebisha.

Plaiwudi ya sentimita 40 kwa 75. Ukingo wa mbao kuzunguka, kimo sentimita 5, gololi isiruke nje. Kona za juu ziwekewe kipande cha plastiki kilichokunjwa ili gololi izunguke badala ya kukwama. Ukitumia bati, kunja makali yake kwanza.

Upande wa kulia, njia nyembamba ya sentimita 3 kwa ajili ya kurushia. Chini yake toboa ukingo, pitisha kijiti, kifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukivuta na kuachia, gololi inaruka.

Misumari ya inchi moja, igongwe nusu. Kati ya msumari na msumari iache nafasi ya vidole viwili. Ikibana zaidi, gololi ya dukani itakwama na watoto watagombana. Misumari michache ipange kwa umbo la kwato, kila kwato lina namba yake: 10, 20, 50.

Sehemu ya juu iwekee kigingi cha sentimita 8 kwa chini ili ubao uiname. Mashine kubwa zenyewe huinama nyuzi sita na nusu hivi, na kigingi hicho kinakupa karibu hapo hapo. Unauweka juu ya meza. Mchezo ukiisha unautoa kigingi, unausimamisha nyuma ya kabati, na sebule inarudi kuwa sebule.

Usiku wa kwanza hakukuwa na ugomvi hata mmoja. Nikajisifu moyoni. Wiki ya pili nikasikia kijana wangu akimwambia mdogo wake, "Ikiingia hamsini unanipa gololi tatu. Ikikosa nakupa moja."

Nikasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilikuwa nimelitoa dubwi nyuma ya duka, nikalileta mezani kwangu.

Nilitaka kuuvunja ubao ule kama polisi wa New York. Baba watoto akanizuia. Akasema, "Hawa hawana la kufanya gololi ikishaondoka, ndiyo maana wanaweka dau. Tuwape mabawa."

Tukarudi kwa fundi. Akachonga vijiti viwili vya sentimita 7, akavifunga kwa skrubu moja kila kimoja ili vicheze, mpira wa kuvirudisha, na kamba zinazopita kwenye ukingo hadi pembeni. Unavuta kamba, bawa linapiga. Kati ya bawa na bawa sentimita 4. Kazi ya nusu siku.

Tangu hapo habari za dau zimepungua sana, sisemi zimekwisha. Siku hizi nasikia kelele nyingine: "Subiri ishuke! Usivute mapema!" Kitindamimba, ambaye hajui hata kuhesabu mpaka hamsini, amekuwa hodari wa kuvuta kamba ya kushoto. Kijana wangu wa pili amempanga fundi msaidizi: anatoa misumari na kuihamisha, anajaribu, anaihamisha tena. Juzi alikuja kuomba msasa.

Si kila nyumba itataka ubao huo

Kama fundi yuko mbali au hela ni ndogo, michezo mingine iko, na mingi unaijua. Tatizo ni kwamba tunaidharau kwa sababu haina taa. Nakupangia kwa nafasi inayochukua.

Drafti ndiyo ndogo kuliko yote. Kipande cha boksi, vyumba 64 vilivyochorwa kwa kalamu, vizibo vya soda 12 kwa kila mmoja, upande mmoja uso juu, mwingine uso chini. Gharama ni karibu na bure. Wawili wanacheza, wengine wanasubiri mshindi. Inakaa chini ya godoro.

Bao linataka kigoda tu cha katikati. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, manane kwa mistari minne, na kete 64. Mwalimu Nyerere alilipenda. Watoto wadogo waanzishe na mistari miwili, wakizoea waende minne. Faida yake kubwa ni hesabu: mtoto anayetazama mbele mikono mitatu ya bao hasumbuliwi na kujumlisha. Na mzee wa nyumba ana mahali pa kuingia. Mchezo ambao bibi anaweza kumfunga mjukuu haupaswi kukosekana kwenye nyumba yenye bibi.

Keram ni ya watu wanne. Uwanja wake ni sentimita 74 kila upande, na ukijumlisha ukingo unakaribia 90. Kuna kete 9 nyeupe, 9 nyeusi, moja nyekundu, na ile kubwa ya kupigia. Inawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa au meza ndogo, watu wakae pande nne. Kwa hiyo ipimie kama meza ya chakula. Ikiisha, isimamishe ukutani mbali na dirisha, maana unyevu unaupinda ubao na ukishapinda hauchezeki.

Michezo ya simu nayo ni nafasi ndogo kuliko yote, najua utaniambia. Ni kweli. Lakini simu ni ya mmoja, na wenzake wanatazama kisogo chake. Na humo ndani matangazo ya kubeti yanapita katikati ya mchezo wa mtoto. Ukimpa, kaa naye.

Ukichagua, jiulize haya

Cha kwanza, watoto wangapi watacheza kwa wakati mmoja, na wangapi watasubiri? Nyumba ya watoto wanne na mchezo wa mmoja ni nyumba ya ugomvi.

Cha pili, ukiisha unawekwa wapi? Kama jibu ni "pale pale ulipo", basi umenunua samani, hukununua mchezo.

Cha tatu, ukiharibika nani anatengeneza? Ubao wetu umeng'oka skrubu mara mbili. Mara zote mbili aliyetengeneza ni mtoto.

Cha nne, mtoto akikaa nao mwezi mmoja atakuwa amejifunza kitu? Kama jibu ni hapana, ni dubwi, hata kama haumezi sarafu.

Cha tano, nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu? Gololi na kete ndogo zinapita kooni mwake. Zihesabiwe kabla na baada ya mchezo, ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati. Kwangu kazi ya kuhesabu anafanya yule wa pili. Nilimpa makusudi.

Na sheria ya nyumba iwe moja tu, isemwe mbele ya wote: hapa hatuchezi kwa dau. Si kwa hela, si kwa gololi, si kwa nyama ya Jumapili. Wazazi tuanze sisi. Baba akiweka mkeka wa mpira kwenye simu yake kila jioni mbele ya mtoto, maneno yote niliyoandika hapa ni kelele.

Sitakudanganya kwamba mambo yamenyooka. Mwezi uliopita kijana wangu alichelewa tena kutoka mashine ya kusaga. Nilimsubiri mlangoni na moyo unanidunda. Alifika, akaweka unga chini, akahesabu chenji mezani, yote. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema alipita nyuma ya lile duka, kuwaambia wenzake wawili waje nyumbani Jumamosi waone mabawa.

Sikujua nimgombeze kwa kupita pale au nimshukuru. Nikachukua chenji nikanyamaza. Jumamosi walikuja watano. Sebule ilijaa, mama mkwe akahamishia kiti chake jikoni kwa hiari yake, akasema hao angalau wanasalimia.

Mzazi mwenzangu, jioni ya leo mtoto wako akikuuliza "sasa nifanye nini?", uwe na jibu linalotosha kwenye meza yako. Tukutane wiki ijayo.